Mseto, Mchanyato, Mkorogo: Hotuba ya Siku ya Kiswahili, Nakuru

Hii ni hotuba niliyowatolea walimu, wanafunzi na wapenzi wa lugha waliokusanyika Nakuru kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Itifaki imezingatiwa. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu wa sekondari mliokaa huko nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Jana jioni nilipita Soko la Wakulima kununua mboga. Mama ninayenunua kwake amekaa pale pale miaka mingi, gunia limetandikwa chini, beseni mbele yake, kisu mkononi. Nikamwambia anikatie saga ya shilingi 50. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, saga peke yake ni chungu, wajukuu hawatakula. Wacha nikuchanganyie." Akachukua fungu moja la saga, mafungu mawili ya kunde, terere kidogo, akamalizia na majani machache ya maboga. Akavishika vyote kwa mkono mmoja na kuvikata vyembamba, mwendo wa kisu haubadiliki. Alipokuwa akifunga mfuko nikamwuliza mbona hakutia managu, na managu yalikuwa yamejaa pale. Akasema, "Managu na saga? Uchungu utakutana na uchungu."

Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Sisi walimu tukiulizwa jina la kitu chenye vitu vingi ndani yake, tunasema "mchanganyiko" na kuona kazi imekwisha. Mchanganyiko wa mboga, mchanganyiko wa watu, mchanganyiko wa mawazo, mchanganyiko wa rangi. Ni neno zuri, silikatai. Lakini yule mama alikuwa na hesabu kichwani: nini kikutane na nini, kwa kipimo gani, na nini kibaki nje. Kiswahili nacho kina hesabu hiyo, na tunapoitupa tunaumizana bila kujua. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Tuanzie chunguni, kwa sababu maneno haya mengi yalizaliwa jikoni.

Chukua mahindi na maharagwe, chemsha pamoja. Hapa Nakuru hiyo ni githeri. Ukishuka Kisumu utaambiwa ni nyoyo. Ukienda Pwani utakuta pure, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania utaambiwa kande. Majina manne, chungu kimoja. Na katika chungu hicho hindi linabaki hindi, haragwe linabaki haragwe. Mtoto asiyependa maharagwe anaweza kuyasukuma kando ya sahani, kama mlivyofanya nyinyi, na kama wanavyofanya wajukuu wangu.

Sasa chukua viazi vitamu na maharagwe, chemsha, halafu shika mwiko uponde. Kwetu Kakamega hiyo ni mushenye. Mtoto hana tena cha kusukuma kando. Haragwe limeingia ndani ya kiazi, kiazi kimebeba rangi ya haragwe. Utaonja viwili, lakini hutaviona viwili. Mukimo wa jirani zetu Wakikuyu uko upande huo huo wa mwiko.

Na kati ya githeri na mushenye ndipo unapokaa mseto. Mseto, kwa asili, ni mchele uliopikwa pamoja na choroko, ambazo Waswahili wa Mombasa huziita pojo na sisi huku tunaziita ndengu. Neno limetoka katika kitenzi kuseta, yaani kuponda. Mchele na choroko huiva pamoja, vikalainika, vikashikana, maji ya kimoja yakaingia kwenye kingine. Lakini chota kijiko utazame: choroko bado ni choroko, na punje ya mchele bado unaijua. Vimepondeka kiasi cha kushikana, havikupondeka kiasi cha kupotea. Naomba mkishike kijiko hicho, maana nitakirudia.

Kuna mchanyato. Kuchanyata ni kukata vipandevipande, na mchanyato ni ndizi, muhogo au viazi vilivyokatwa hivyo na kupikwa pamoja, pengine na samaki. Neno hili linasimulia kisu kabla ya moto. Mwandishi akiniambia kitabu chake ni mchanyato wa hadithi, ninatarajia vipande vilivyokatwa makusudi vikakaa pamoja, na kila kipande kina ukingo wake.

Kachumbari haipiti motoni kabisa. Nyanya, kitunguu, dania, pilipili, na ndimu ikipatikana. Neno lenyewe limesafiri kutoka India kama lilivyosafiri neno achari, na yote mawili yamekaa kwetu mpaka hakuna anayeyauliza kipande cha kitambulisho.

Halafu mkorogo. Hapa pana jambo. Kukoroga ni kuzungusha kitu cha majimaji mpaka kisitambulike kilichoingia. Unakoroga uji, unakoroga rangi ya kupaka ukuta. Fundi wa mjengo anakoroga saruji, mchanga na kokoto, moja kwa mbili kwa nne, na akikosea hesabu hiyo nyumba itamdai. Wahindi wa Kenya wamelifanya neno hili kuwa jina la karamu: koroga ni pale marafiki wanapokusanyika kuzunguka sufuria moja na kila mmoja ana zamu ya mwiko. Lakini mkorogo, jina, umechukua njia mbaya. Kwa wengi leo ni dawa ya kujichubua ngozi, vitu vilivyochanganywa kwenye kikopo bila aliyenunua kujua ni nini. Kitenzi kimebaki na heshima, jina limeipoteza. Ndiyo sababu mwanafunzi akiniandikia kwamba "Kenya ni mkorogo wa makabila", ninaweka kalamu chini na kumwita tuzungumze.

Mnaona maneno haya yanatuuliza nini? Yanauliza kama ukichota bado utatambua kilichoingia. Yanauliza pia kama aliyechanganya alikusudia, au vitu vimeangukiana tu. Ghala ambalo jembe limelala juu ya kiti, kiti juu ya gunia la mbegu, na redio mbovu juu ya yote, halina mseto wala mchanyato. Mle ndani mambo ni shaghalabaghala, na vilivyomo ni makorokoro. Vitu vidogo vidogo vya dukani visivyo na kundi, sindano, viberiti, betri, pini, hivyo ni mazagazaga. Na katika kumbukumbu za mkutano, yale yasiyopata kichwa chake tunayaweka chini ya "Mengineyo". Nalipenda sana neno hilo. Halijifanyi kuwa na mpango, na halidharau kilichomo.

Tazameni pia kitenzi chenyewe. Nikichanganya, mimi ndiye nina kisu. Vikichanganyika, vimekutana vyenyewe. Lakini nikisema nimechanganyikiwa, hakuna mboga tena: akili yangu ndiyo imeingiliwa. Ongeza silabi chache tu na umetoka sokoni ukafika kwa daktari. Wanafunzi, msiliandike moja mkikusudia lingine. Nimesahihisha insha iliyosema "wakazi wa Nakuru wamechanganyikiwa", na mwenye insha alikuwa akiusifu mji.

Sasa nitoke jikoni.

Tarehe 28 Februari 2008, nje ya Jumba la Harambee kule Nairobi, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi makubaliano ya kumaliza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, mpatanishi Kofi Annan akishuhudia. Sote tuliokuwa Nakuru tulikuwa tumekaa karibu na redio, na wengine hawakuwa na nyumba ya kukalia, maana uwanja wa maonyesho wa hapa mjini ulikuwa umejaa watu waliokimbia makwao. Serikali iliyotokana na sahihi hizo watangazaji waliiita serikali ya mseto. Sijui kama aliyelitamka neno hilo mara ya kwanza alikuwa akifikiria choroko. Alikuwa amepata neno sahihi kabisa. Alisema: hawa wawili wataiva katika chungu kimoja, watashikana, na kila mmoja ataonekana ni nani.

Lakini mtaani watu waliipa jina lingine. Waliiita serikali ya nusu mkate. Jamani, hebu tazameni picha hizo mbili. Mseto una moto chini yake, una muda, una mwiko. Mkate una kisu, na baada ya kisu kila mtu anaondoka na kipande chake akale kwake. Baraza lilipotangazwa lilikuwa na mawaziri 40, na mwananchi akaamua mwenyewe ni jina gani linalofanana na alichokiona. Si jambo dogo kwamba lugha ilikuwa na maneno yote mawili tayari, moja la matumaini na moja la kuhesabu. Siku hizi tunasikia serikali jumuishi. Jumuishi ni kumweka kila mtu ndani ya hesabu, ila haisemi kama wataiva.

Nifike sasa mahali ambapo ni pagumu kwangu.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha kwanza, katika shule ambayo siitaji. Tuligawa fomu za kujaza: jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye baba yake alikuwa Mluo na mama yake Mkikuyu. Mwaka uliokuwa umetangulia, familia ile ilikuwa imelala usiku mbili chini ya kitanda. Mahali palipoandikwa kabila, aliandika kwa mwandiko safi: Mseto.

Nilimrudishia fomu. Nikamwambia achague moja, na kwa desturi ni la baba. Akaenda, akarudi kesho yake na fomu ile ile, neno lile lile. Nikamwuliza kwa nini haandiki alichoambiwa. Hakuwa na utundu wowote usoni. Akaniuliza, "Mwalimu, mseto ukitoa choroko, bado ni mseto?"

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha neno hilo, na mfano wa choroko ulikuwa wangu. Alikuwa amenisikiliza kuliko nilivyojisikiliza. Nami nilifanya nini? Nilichukua kalamu, nikakata neno lake, nikaandika kabila la baba yake juu yake kwa wino mweusi, kwa sababu orodha ilikuwa inangojewa ofisini. Miaka imepita na bado ninauona mstari ule. Msichana yule hakukosea sarufi wala hakufanya ujeuri. Alikuwa amepita katika maneno yote ambayo lugha yetu inayo kwa mtu kama yeye, akachagua lile ambalo halimwondoi mzazi yeyote. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyelikata.

Na hebu tazameni maneno mengine aliyokuwa nayo. Lipo chotara. Lipo suriama. Kwenye mbegu, chotara ni neno la sifa: mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara yaliyoitwa 611, waliyoyapata kwa kuzalisha mahindi yaliyozoea nyanda zetu za juu pamoja na mahindi yaliyotoka Ekwado, na kuanzia hapo mkulima wa Trans Nzoia hakutazama shamba lake kwa jicho lile lile. Hakuna anayeuona mhindi ule kuwa na kasoro. Lakini neno hilo hilo ukimwitia mtoto uwanjani, analisikia kama jiwe. Suriama nalo lina harufu ya enzi za masuria. Msichana yule aliyaacha yote mawili. Kuna neno zuri la kitaalamu, mahuluti, lenye asili ya Kiarabu, lakini nani humwita mwanawe mahuluti? Akachukua la chakula.

Lipo na neno lingine, ambalo hakulihitaji kamusini kwa sababu alikuwa amelisikia nje ya dirisha. Madoadoa.

Neno hilo lilikuwa zuri. Kuku wa madoadoa, ng'ombe wa madoadoa, kitenge chenye madoadoa: ni sifa ya kitu chenye rangi zaidi ya moja, na kwa haki lingekaa pamoja na maneno yetu ya leo. Lakini hapa Bonde la Ufa, tangu mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilipanda jukwaani. Walioitwa madoadoa walikuwa majirani waliohamia, na kilichotakiwa kwa doa ni kufutwa. Molo walilisikia. Olenguruone walilisikia. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka kwenye mkutano wa kampeni Eldoret, na mwaka huo huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe. Kwekwe ni magugu. Mnaona yanavyofanana? Kuku wa madoadoa hana doa la kuondoa, ndiyo rangi yake. Lakini ukishawaita watu madoa juu ya kitambaa, umeamua kwamba kitambaa ni chako na wao ni uchafu. Neno la mchanganyiko limegeuzwa neno la kufua.

Ninawaomba walimu tusiliogope darasani. Tulifundishe na historia yake. Mtoto anayejua kwamba kuku wa bibi yake ni wa madoadoa, na akajua pia lilivyotumiwa, atalisikia jukwaani na kuelewa mara moja anachofanyiwa.

Jina la tume hiyo nalo lina neno ninalolipenda, utangamano. Kutangamana ni watu kuchanganyikana katika maisha, kuendeana, kuombana chumvi, kuzikana. Halina chungu, halina kisu, halina mwiko, kwa sababu hakuna aliye nje anayewapika. Wanafanya wenyewe.

Kuhusu kuchanganya ndimi sitasema mengi, maana wengine hapa wataligusia. Niseme tu kwamba kijana wa Kaptembwo anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akaikata kwa Kiingereza na kuimaliza kwa Kikalenjin si lazima awe amechanganyikiwa. Sikilizeni kama anajua anachokifanya. Mara nyingi anajua, kama yule mama na kunde zake. Asipojua, mfundisheni bila kumcheka.

Nataka kuwaonyesha jambo moja la sarufi, kisha niketi. Andikeni, wanangu.

"Godoro, mkeka, sufuria na jiko vimepakiwa kwenye mkokoteni."

Godoro ni la ngeli ya LI-YA. Mkeka ni wa U-I. Sufuria ni ya I-ZI. Jiko ni la LI-YA lakini wingi wake ni meko. Sasa, hiyo "vi" imetoka wapi? Hakuna hata kimoja cha KI-VI katika sentensi hiyo! Wapo watakaofuata jina lililo karibu na kitenzi, na wapo wanaosema "vi" inabeba neno "vitu" lililofichwa. Mimi nakubaliana na hawa wa pili. Vitu vya ngeli mbalimbali vikiwekwa pamoja, Kiswahili hakichagui kimoja kitawale vingine. Hakisemi "limepakiwa" kwa kuwa godoro ni kubwa. Kinafungua ngeli nyingine iwapokee wote.

Sentensi hiyo sikuibuni. Niliiona, Januari 2008, ikipita mbele ya nyumba yangu ikielekea uwanja wa maonyesho. Baba alikuwa akivuta, watoto wawili wakisukuma, na mama amebeba jogoo. Jogoo wa madoadoa, kama mnataka kujua.

Na waliokuwa wakitembea kando ya mikokoteni ile siku zile walikuwa Wakikuyu, Waluo, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya. Andikeni kitenzi. "Walitembea." Wote ni wa A-WA. Sijapata ngeli nyingine ya kuwaweka.

Sasa nina ombi. Nimewapa maneno ya Kakamega na ya Pwani, na machache ya sokoni. Najua kuna wa Baringo hapa, kuna wa Kisii, kuna wa Turkana, kuna Wanubi wetu. Kila nyumba ina jina la kitu kinachopikwa vikiwa vingi, na pengine jina la mtoto anayezaliwa nyumba mbili. Daftari liko hapa mezani, na kalamu. Andikeni neno, mwandike mmelisikia kwa nani na linasemwa lini. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza mimi: Mseto. Limesemwa na mwanafunzi, kidato cha kwanza, 2009.